Mkristo na mazoezi ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hufika kwa wachungaji baada ya ibada, kwa wauguzi walio waumini, na kwa walimu wa mazoezi wanaofundisha watu wa kanisa. Tumeyajibu kwa Maandiko na kwa yale yanayojulikana vizuri kuhusu mwili. Vipimo vyote ni vya mtu mzima, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Paulo anasema mazoezi ya mwili "yafaa kidogo". Kwa nini basi tujisumbue nayo?

Soma mstari wote, 1 Timotheo 4:8. Paulo analinganisha mazoezi, ambayo faida yake inaishia katika maisha haya, na utauwa, wenye ahadi ya maisha haya na ya yale yajayo. Kwa ulinganisho huo mazoezi lazima yatoke madogo. Lakini kinachofaa kidogo bado kinafaa. Na katika barua hiyohiyo, sura ya 5 mstari wa 23, anamwambia Timotheo aache kunywa maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomrudia. Hakumwambia avumilie tu kwa kuwa mwili ni wa kupita.

Tukumbuke pia waliosomewa barua hizo walikuwa watu wa kutembea. Matendo 20:13 inasema wenzake Paulo walipanda meli kwenda Aso, yeye akachagua kwenda kwa nchi kavu kutoka Troa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 30. Leo mwumini wa mjini anatoka mlangoni na bodaboda, anakaa kwenye daladala, anakaa ofisini saa nane, anarudi kukaa mbele ya televisheni, na Jumapili anakaa kanisani saa tatu. Mtu huyo akiutumia mstari huu kukwepa mazoezi, anaupa kazi ambayo Paulo hakuupa.

Kwa Wakorintho, walioishi karibu na Isthmia palipofanyika michezo kila baada ya miaka 2, Paulo alitumia mfano wa wakimbiaji na mabondia bila kuwakemea (1 Wakorintho 9:24-27). Alichokataa ni mtu kuishi kwa ajili ya taji iharibikayo. Alikataa pia upande wa pili, yaani dini ya kuutesa mwili kana kwamba mateso yenyewe ndiyo utakatifu (Wakolosai 2:23).

"Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu." Je, aya hiyo inahusu mazoezi?

Moja kwa moja, hapana. Katika 1 Wakorintho 6 Paulo anazungumzia zinaa, na si haki kuisoma aya hiyo kana kwamba iliandikwa kuhusu kitambi. Ila sababu anayoitoa ni pana kuliko kosa analolikemea. Mwili ni wa Bwana, ulinunuliwa kwa thamani, na Mungu ataufufua. Anayeamini hivyo hawezi kuuona mwili wake kuwa kifungashio cha roho kitakachotupwa. Waefeso 5:29 inalichukulia jambo hili kuwa la kawaida kabisa, kwamba mtu hauchukii mwili wake, "bali huulisha na kuutunza".

Tahadhari moja. Aya ya hekalu isitumike kumchoma mtu mnene, mgonjwa au mwenye ulemavu. Uzito una sababu nyingi, zikiwemo za kurithi, dawa, uzazi, msongo wa mawazo na bei ya vyakula. Mzee wa kanisa anayemtania mama kuhusu mwili wake mbele ya watu hajamsaidia chochote. Amemfanya aone aibu kuja mazoezini.

Nifanye mazoezi kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa yote mawili. Juu ya hayo, mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba, siku 3 kwa wiki, kwa sababu kuanguka ndiko kunakowavunja nyonga. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku.

Wastani au makali utayajua kwa mdomo wako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hayo ni ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ni makali. Ukiweza kuimba pambio zima bila taabu, ongeza mwendo.

Nalima, nachota maji, napiga deki. Si yanatosha?

Kwa upande wa moyo na mapafu, mara nyingi yanatosha, na usimruhusu mtu akwambie kwamba mazoezi ni yale ya jimu pekee. Kulima kwa jembe, kusukuma mkokoteni na kutembea kilomita 4 kwenda sokoni vyote vinahesabika. Kasoro ya kazi hizo ni kwamba hurudia mkao uleule. Kulima na kufua huinamisha kiuno kwa saa nyingi, na kifua na mabega havipati nafasi ya kufunguka. Mkulima anafaidika zaidi akisimama wima kila baada ya nusu saa, akaweka viganja kiunoni na kujipinda nyuma taratibu mara 5, kuliko akienda kukimbia jioni. Halafu kuna majira. Aliyekuwa na nguvu wakati wa palizi anaweza kukaa miezi mitatu bila kazi nzito baada ya mavuno, na akirudi shambani ghafla ndipo mgongo unapomkamata.

Sijawahi kufanya mazoezi. Nianzeje?

Anza na kutembea. Wiki ya 1 na ya 2, tembea dakika 10 kwa siku, siku 5. Wiki ya 3 na ya 4, dakika 15 hadi 20. Wiki ya 5 na ya 6, dakika 25. Kuanzia wiki ya 7, dakika 30, na hapo umefikia 150 kwa wiki. Dakika 3 za mwanzo nenda polepole ili mwili upate moto, na 3 za mwisho hivyohivyo.

Ukitaka kukimbia, subiri mpaka dakika 30 za kutembea ziwe rahisi. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Kila wiki ongeza nusu dakika ya kukimbia ukijisikia vizuri.

Wanaoanza hushindwa karibu wote kwa njia moja. Siku ya kwanza wanakimbia kama walivyokimbia sekondari, siku ya pili hawawezi kushuka ngazi, wiki ya pili wameacha. Maumivu ya misuli yanayoanza siku moja au mbili baadaye na kuisha yenyewe hayana neno. Maumivu makali ya sehemu moja, hasa kwenye mfupa wa ugoko, ni ishara kwamba umeongeza mwendo au umbali haraka kuliko mfupa unavyoweza kuzoea. Punguza nusu kwa wiki mbili, hama lami uende njia ya vumbi, na tazama soli ya raba zako. Raba za mtumba zinafaa, ila kabla hujanunua bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au kisigino kimelika upande mmoja, iache.

Acha mara moja na utafute msaada ukihisi kifua kubana, maumivu yanayoelekea mkononi au kwenye taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au pumzi kukatika kuliko kawaida.

Mazoezi ya nguvu bila kulipia jimu yanafanywaje?

Unahitaji kiti imara, ukuta na madumu mawili ya lita 5. Dumu la lita 5 likijaa maji lina uzito wa kilo 5 hivi, kwa hiyo unaweza kuanza na nusu.

Zoezi la kwanza ni kukaa na kusimama. Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Simama mbele yake, miguu sawa na upana wa mabega. Sukuma makalio nyuma, shuka ukihesabu hadi tatu, gusa kiti bila kujibwaga, kisha simama ukitoa pumzi. Mara 8 hadi 10, pumzika dakika 1, rudia mizunguko 2 au 3. Makosa yanayoonekana sana ni visigino kuinuka, ambako hupeleka uzito wote magotini, na magoti kuingia ndani. Ukiona magoti yanaingia, yasukume nje yaelekee kidole kidogo cha mguu. Wengi walijifunza kuruka kichura shuleni, tena kama adhabu. Kwa mtu mzima aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, kichura ni njia ya haraka ya kuumiza magoti.

La pili ni pushapu za ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka kama ubao. Pinda viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, kisha sukuma. Ukiweza 15 bila shida, hamia kwenye meza nzito, baadaye sakafuni.

La tatu ni kubeba. Shika dumu kila mkono, mabega nyuma, tembea hatua 40, tua, pumzika, rudia mara 3. Watu wengi hubeba ndoo moja kwa mkono mmoja miaka yote, na uti wa mgongo hujipinda kufidia. Madumu mawili hurudisha usawa.

La mwisho, lala chali, pinda magoti, inua nyonga mpaka mwili ufanye mstari mmoja kutoka magotini hadi mabegani, shikilia sekunde 3, shusha. Mara 10. Hili ndilo tunalowapendekezea kwanza wanaolalamika mgongo kwa kukaa sana.

Usibane pumzi unapoinua kitu. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Nina presha au kisukari. Mazoezi hayatanidhuru?

Kwa wengi ni sehemu ya matibabu, mradi ufuate mpaka. Mwenye presha apime kabla ya kuanza mpango wowote. Apumzike dakika 5 kitini akiwa ameegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na nusu saa imepita tangu anywe kahawa au atembee haraka. Presha ya 140/90 au zaidi inayojirudia siku tofauti inahitaji daktari. Ukikuta 180/110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi. Nenda kituo cha afya. Matembezi ni bora kuliko kunyanyua vitu vizito.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) ana hatari ya sukari kushuka. Apime kabla. Sukari ikiwa chini ya 5.0 mmol/L, ale kwanza kitu chenye wanga, kwa mfano ndizi mbivu moja. Ikiwa juu ya 13.9, hasa akiwa anajisikia vibaya au anatapika, asifanye. Mfukoni abebe sukari. Akitetemeka, akatokwa jasho la baridi au akachanganyikiwa, anywe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda yenye sukari, akae dakika 15, apime tena. Kabla ya kuvaa viatu apitishe mkono ndani. Mguu uliokufa ganzi hausikii kokoto, na kidonda kidogo kinaweza kuishia kukatwa kwa mguu.

Tena tuliseme bila kuzunguka: kuombewa si sababu ya kuacha dawa. Ukiamini umepona, kipimo kitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dozi. Wapo waliopata kiharusi kwa kutupa vidonge baada ya semina ya maombi.

Niko kwenye mfungo. Nifanye mazoezi?

Mfungo wa kuanzia asubuhi hadi jioni huku ukinywa maji hauzuii matembezi ya dakika 20 hadi 30. Fanya saa moja kabla ya kufungua, si mchana wa jua kali. Mbio na vyuma viache. Mfungo mkavu, bila maji, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, hauendi pamoja na mazoezi yoyote yanayotoa jasho.

Baada ya mfungo wa siku nyingi, hatari kubwa iko siku ya kufungua. Mwili uliokaa bila chakula ukipewa ghafla pilau, nyama na soda, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kuathirika. Anza na uji mwepesi na matunda kwa kiasi kidogo, ongeza kwa siku tatu au nne, na mazoezi yasubiri mpaka ule mlo wa kawaida. Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia insulini wasiingie mfungo wa chakula bila kuongea na mtoa huduma wa afya. Wanaweza kufunga simu na televisheni, na Mungu anausikia mfungo huo.

Naweza kukimbia Jumapili?

Wakristo hawakubaliani. Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa Tianjin kwa wazazi wamisionari, alikataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo ulikuwa Jumapili. Alihamia mita 400 akashinda kwa sekunde 47.6, baadaye akaenda kuwa mmisionari China, akafia katika kambi ya Wajapani alikozuiliwa, mwaka 1945. Dhamiri ya namna ile inastahili heshima. Wengine wanaona matembezi ya alfajiri kabla ya ibada ni sehemu ya pumziko, na Warumi 14:5 inawapa nafasi. Wasabato wanaliuliza swali hilihili kuhusu Jumamosi.

Sisi tunashikilia jambo moja, kwamba kikundi cha kukimbia kisichukue nafasi ya ibada. Anayekosa kanisa Jumapili nne mfululizo kwa sababu ya mbio ameshajibu kinachotawala moyo wake.

Vipi mavazi, jimu ya mchanganyiko na picha za mtandaoni?

Vaa kitu kinachokuruhusu kusogea na kinachokuacha huru mbele za watu unaoishi nao. Suruali pana ya michezo na fulana ndefu vinatosha, hata kwa dada ambaye kanisa lake lina msimamo mkali. Baibui au gauni refu sana ni hatari kwenye mashine ya kukimbilia. Jimu nyingi zina saa za wanawake, uliza.

Picha za misuli ni swali la moyo. Jiulize kama ungefanya zoezi hilohilo bila mtu kuliona.

Na yoga?

Asili yake ni ya kidini, ya Kihindu, na hilo lisifichwe. Kunyoosha paja si ibada ya mungu yeyote. Darasa likiwa na mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa), kusujudu au mafundisho ya kiroho, ondoka. Likiwa la kunyoosha viungo tu, dhamiri zinatofautiana, na aliyetoka katika imani hiyo asilazimishwe. Mazoezi ya kunyoosha yapo mengi yasiyo na jina hilo.

Dawa za kukata tumbo au kujaza misuli zinafaa?

Hapana. Chai nyingi za kupunguza mwili ni za kuharisha au za kukojoza. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji, mafuta yako palepale, na ukiendelea potasiamu hushuka na moyo hupiga vibaya. Sindano na vidonge vya homoni za misuli hufanya korodani zisinyae, hupunguza mbegu za uzazi, na huharibu moyo na ini. Kupungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki ndiyo kasi salama, na sehemu kubwa yake inatoka kwenye sahani: punguza nusu ya ugali au wali, ongeza mboga, acha soda ya kila siku.

Mkesha wa Ijumaa, mazoezi Jumamosi alfajiri?

Usifanye hivyo. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi. Baada ya mkesha lala kwanza, na usiendeshe chombo ukiwa unasinzia. Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, Mungu alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, ndipo akasema naye (1 Wafalme 19).

Kanisa letu lianzie wapi?

Chagueni siku mbili za wiki na njia moja yenye usalama, ya kilomita 2 hadi 3, inayoanzia na kuishia kanisani. Saa 12 asubuhi au saa 11 jioni inafaa. Wekeni watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa nyuma asimwache mtu hata akitembea polepole kiasi gani, maana kundi hufa pale wazee na wanene wanapoachwa barabarani. Barabarani tembeeni upande unaotazamana na magari, kwa mstari wa mmoja mmoja.

Nunueni mashine moja ya presha ya mkono wa juu, yenye mkanda unaowatosha wenye mikono minene, kwa sababu mkanda mdogo hutoa namba za juu kuliko ukweli. Muuguzi mwumini apime kabla ya kuanza na kila mwezi, kila mtu akiwa na daftari lake analokaa nalo mwenyewe. Namba za mtu zisitangazwe, hata kama ombi la maombi, bila ruhusa yake.

Tazameni pia meza ya chai baada ya ibada. Ikiwa kila Jumapili ni maandazi, sambusa na soda, ongezeni ndizi, mahindi ya kuchemsha, karanga na maji, na wekeni sukari pembeni kila mtu ajiwekee. Kwaya isisahaulike. Mazoezi ya nyimbo za kucheza kwa nusu saa, watu wakiwa wamesimama, yanaingia kwenye zile dakika 150.